Mashua Zilipewa Majina, Waliozivuta Hawakupewa

Mkazi wa Garissa ajua thamani ya maji kuliko ajuavyo habari za manowari. Mto Tana unapita ubavuni mwa mji wake, na akiuacha nyuma akashika njia ya Wajir au Mandera, anaingia katika nchi ambamo debe moja la maji ni mali. Kwa hiyo huenda likawa jambo la ajabu kwamba makala haya, yanayowalenga walimu na wanafunzi wa Kaskazini Mashariki, yanahusu afisa wa Kiingereza aliyepigana vita vya majini katika Ziwa Tanganyika. Nawaomba wasomaji wanivumilie. Kisa chenyewe kina maji machache na nchi kavu nyingi, na funzo lake linatuhusu hata sisi tunaoishi mbali na ziwa hilo.

Afisa huyo ni Geoffrey Basil Spicer-Simson. Alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, na akalelewa kwa muda nchini Ufaransa, jambo lililomfanya akijue Kifaransa barabara. Alijiunga na jeshi la majini la Uingereza akiwa kijana wa miaka 14. Tangu hapo maisha yake yakawa na sura mbili zisizopatana. Kwa upande mmoja alikuwa mpimaji hodari wa mito na pwani: alipima sehemu za juu za Mto Yangtze nchini Uchina, na baadaye akapima Mto Gambia huko Afrika Magharibi. Kwa upande wa pili alikuwa mwenye majivuno, msimulizi wa visa vya ushujaa wake ambavyo wenzake hawakuvisadiki, na mtu wa nuksi kila alipokabidhiwa chombo. Katika mazoezi ya mwaka 1905 aliponea chupuchupu kuizamisha nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Novemba 1914, manowari Niger, mojawapo ya vyombo vilivyokuwa chini ya uangalizi wake, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na mji wa Deal. Wakati huo yeye alikuwa nchi kavu, hotelini pamoja na mkewe.

Basi alipotimiza umri wa miaka 39, wenzake walikuwa wamempita kwa vyeo, naye amepewa meza na kalamu katika makao makuu ya jeshi la majini mjini London. Huko ndiko bahati ilikomkuta.

Ili kuielewa bahati hiyo, yatubidi kwanza tufike Kigoma. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanganyika, walikuwa wamekamilisha reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mwaka 1914, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Mwisho wa reli hiyo, katika ghuba iliyokingwa na vilima, ndipo walipoweka kituo chao cha majini. Kutoka hapo walilimiliki ziwa zima, ambalo urefu wake ni takriban kilomita 670. Walikuwa na Hedwig von Wissmann na Kingani, vyombo viwili vidogo vya mvuke vilivyofungwa mizinga. Kadhalika walikuwa wakiiunganisha meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa katika mji wa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari na kupandishwa garimoshi hadi ziwani. Meli hiyo ilianza kazi Juni 1915. Wabelgiji waliokuwa upande wa Kongo hawakuwa na chombo cha kuikabili, maana stima yao, Alexandre Delcommune, ilikuwa imeharibiwa tangu Agosti 1914. Aliyelimiliki ziwa aliweza kuyavusha majeshi yake apendako na kumnyima adui njia.

Aprili 1915, mwindaji wa ndovu aitwaye John Lee alifika London na shauri. Alisema kwamba mashua ndogo zenye mbio, zikipitishwa kusini mwa Afrika kisha zikavutwa nchi kavu kupitia Kongo, zingeweza kuwashtukiza Wajerumani. Wakuu walilikubali wazo hilo. Wakatafuta afisa wa kuongoza msafara, na kwa kuwa maafisa wenye sifa walikuwa vitani, kazi ikamwangukia Spicer-Simson. Lee, mwenye wazo na mjuzi wa njia, alitangulia kuitafuta barabara, lakini kabla safari haijafika mbali alituhumiwa makosa na kuondolewa. Yaani mtu wa kwanza kusahauliwa katika kisa hiki ni yule aliyekibuni.

Mashua zilikuwa mbili, kila moja na urefu wa futi 40, zenye mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Spicer-Simson alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakuu wakakataa. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, nao wakayakubali pasipo kutambua kwamba katika Kifaransa cha watoto majina hayo yana maana ile ile ya paka na mbwa. Mzaha wake ukapita. Mtaalamu wa lugha hawezi kuliacha jambo hili bila neno moja. Jina Mimi lilipofika katika nchi za Waswahili lilivaa maana nyingine kabisa. Mtu aliyependa kujisifu alivuka bara zima akiwa na mashua iliyoitwa Mimi, na kila mpagazi aliyejua Kiswahili alikuwa na haki ya kucheka.

Msafara, wenye Waingereza wasiofika 30, uliondoka Uingereza Juni 1915. Ulifika Cape Town mwanzoni mwa Julai, ukapanda garimoshi kupitia Bulawayo na Livingstone hadi Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, na mwanzoni mwa Agosti ukashuka Fungurume, mahali reli ilipokomea. Mbele yao palikuwa na milima ya Mitumba, ambayo vilele vyake katika njia ile hufika karibu mita 1,800, na mwendo wa takriban kilomita 235 usio na barabara. Hapa ndipo vita vya majini vilipogeuka kuwa vita vya nchi kavu.

Palihitajika kukata miti, kupasua miamba na kujenga madaraja zaidi ya 100 juu ya vijito na makorongo. Mashua ziliwekwa juu ya magari, zikavutwa na mitambo miwili ya mvuke, na mitambo iliposhindwa zikavutwa na maksai, na maksai waliposhindwa zikavutwa na watu kwa kamba. Mamia ya Waafrika walifanya kazi hiyo. Mitambo ya mvuke ina kiu kuliko ngamia, na maji yalipokosekana njiani wanawake wa vijiji vya karibu waliajiriwa kuyachota mbali na kuyaleta kwa mitungi kichwani ili mtambo uweze kusogea. Mwanafunzi wa Garissa aliyemwona mama yake akitoka alfajiri kutafuta maji hahitaji kuelezwa uzito wa mtungi huo. Kwa muda wa wiki sita hivi, manowari mbili za mfalme wa Uingereza zilitembea kwa nguvu za mabega ya wanaume na vichwa vya wanawake.

Kutoka Sankisia walipata reli fupi hadi Bukama, wakaingia Mto Lualaba ambao maji yake yalikuwa yamepungua, wakakwama mchangani mara nyingi, wakafika Kabalo, na kwa reli ya Wabelgiji wakalifikia ziwa mwishoni mwa Oktoba 1915. Wakapiga kambi karibu na mdomo wa Mto Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie, na bandari ndogo ikajengwa hapo.

Kambini ndiko Spicer-Simson alikojipatia umaarufu wa ajabu. Alikuwa na michoro ya chale mwilini, ya nyoka na wadudu, akapenda kuionyesha hadharani. Tena alivaa vazi mfano wa sketi, alilolibuni mwenyewe. Wenyeji, yaani Waholoholo, walimtazama, wakampa jina la Bwana Chifunga-tumbo. Nawaomba wanafunzi wa sarufi walitazame jina hilo. Kiambishi chi- ni ndugu wa ki- yetu, kitenzi ni funga, na nomino ni tumbo. Wenyeji hawakumwita kwa cheo chake wala kwa ukoo wake. Walilitaja vazi alilojifunga tumboni, basi. Watu wasiokuwa na kalamu walimwandika kwa neno moja, na neno hilo limeishi kuliko ripoti zake nyingi.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915, siku ya Jumapili, Kingani ilikuja kupeleleza. Spicer-Simson alikuwa katika ibada na watu wake, na inasimuliwa kwamba alimaliza sala kwanza. Mzinga wa Kingani uliweza kulenga mbele tu, nazo Mimi na Toutou zikaikimbilia kutoka nyuma. Katika muda wa dakika 11 hivi, kamanda wa Wajerumani alikuwa amekufa na chombo chake kimetekwa. Kingani, iliyokuwa na jina la mto wa Tanganyika ambao pia huitwa Ruvu, ilitengenezwa, ikabandikwa jina jipya la Fifi, ikaingizwa katika jeshi la Waingereza. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilitoka kumtafuta mwenzake asiyerudi, ikafukuzwa na Mimi na Fifi, ikazamishwa. London walifurahi, nishani zikatolewa, na yule karani wa mezani akawa shujaa.

Siku iliyofuata Graf von Götzen yenyewe ilijitokeza. Watu wake walisubiri amri ya kushambulia. Amri haikutoka. Spicer-Simson aliitazama meli ile kubwa ikipita polepole, akakataa kuondoka bandarini. Baadaye alisafiri mbali ndani ya Kongo kutafuta chombo kikubwa zaidi, akakawia miezi. Juni 1916 alitumwa kusini mwa ziwa, kwenye boma la Wajerumani la Bismarckburg, karibu na Kasanga, kuwazuia adui wasitoroke kwa maji wakati jeshi la nchi kavu likija kutoka Rhodesia. Aliiona mizinga ya bomani akaiogopa, akarudi nyuma, na adui wakatoroka kwa mashua zao. Boma lilipotekwa ilibainika kwamba mizinga aliyoihofia ilikuwa ya magogo. Hapo ushujaa wake ulikwisha. Alirudishwa kwao akiwa mgonjwa wa mishipa ya fahamu, wala hakupewa tena chombo cha kuongoza baharini.

Na kituo cha Kigoma je? Msomaji angetarajia pambano kubwa la mwisho, lakini halikutokea. Ndege za Wabelgiji zilikishambulia kwa mabomu Juni 1916. Mzinga mkubwa wa Graf von Götzen ulikuwa umeondolewa kwa ajili ya jeshi la nchi kavu, na mahali pake pakawekwa bandia ya mti. Majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake karibu wote walikuwa Waafrika, yalikuwa yakiteremka kwa miguu kutoka kaskazini, na reli ya kuelekea pwani ilikuwa hatarini kukatwa. Wajerumani wakaona kwamba bandari isiyokuwa na reli nyuma yake ni mtego. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha meli yao wenyewe, baada ya kuzipaka injini zake grisi ili zisiliwe na kutu. Wakakihama kituo wakaenda zao mashariki. Tarehe 28 Julai Wabelgiji waliingia Kigoma. Kituo kilichosumbua majeshi ya mataifa mawili kwa miaka miwili kiliachwa bila pambano la majini, na kilichokiangusha ni nyayo za askari na wapagazi zilizokuja kwa nchi kavu.

Spicer-Simson aliishi miaka 30 zaidi. Kwa ujuzi wake wa Kifaransa alikuwa mkalimani katika mkutano wa amani wa Versailles mwaka 1919. Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari iliyoko Monaco, na hapo, mbali na mizinga, kipaji chake cha kweli kilipata mahali pake. Alifariki Januari 1947 katika jimbo la British Columbia nchini Kanada. Kisa chake kilimchochea mwandishi C. S. Forester kutunga riwaya ya The African Queen mwaka 1935, na mwaka 1951 ikawa filamu maarufu. Meli yao ya adui nayo ilifufuka. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa mwaka 1867. Iliwabeba abiria kati ya Kigoma na Mpulungu kwa miongo mingi.

Sasa tufanye hesabu ya majina. Tunayajua majina ya mashua zote, tunayajua majina ya makamanda wa pande zote, na hata lakabu ya vazi la kamanda tunayo. Hatuna jina hata moja la mwanamke aliyebeba mtungi milimani Mitumba. Tukilipanua jambo hili tukaitazama vita nzima ya Afrika Mashariki, Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Sanamu ya Nairobi iliyosimamishwa mwaka 1928 inawaonyesha, lakini haitaji jina la mmoja wao. Kumbukumbu yao kubwa iko katika lugha: jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, lilitafunwa na ndimi za watu likawa Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Ilikuwa Aprili 2021, zaidi ya miaka 100 baadaye, ndipo tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri na kuomba radhi kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa Wazungu.

Hapa ndipo narejea Kaskazini Mashariki. Mwanzoni mwa Februari 1916, juma moja hivi kabla ya Hedwig kuzama, wapiganaji wa Aulihan waliivamia ngome ya Serenli ukingoni mwa Mto Juba, katika Jubaland ambayo hadi 1925 ilikuwa sehemu ya utawala wa Kenya. Afisa wa Kiingereza, Luteni Elliott, aliuawa pamoja na askari wake wengi, na ngome ikahamwa. Vitabu vinamtaja Elliott. Askari waliokufa pamoja naye hutajwa kwa jumla. Waliowaua nao hutajwa kwa jumla, isipokuwa kiongozi wao. Kisa cha Kigoma na kisa cha Serenli vimeandikwa kwa kalamu moja.

Lakini hapa kwetu tuna silaha ambayo watu wa Mitumba hawakuulizwa kama wanayo. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, yaani kuitaja nasaba yake, baba, babu na baba wa babu, hata vizazi kumi na zaidi, kabla hajajua kuandika. Jamii yenye desturi hiyo haina udhuru wa kuwaacha watu wake wakae katika historia bila majina. Hata hivyo, abtirsi ina upungufu wake, na haifai tuufiche: huhifadhi majina ya wanaume, ilhali aliyebeba maji ni mwanamke. Aidha, humtaja mtu bila kueleza alifanya nini. Kazi ya shule ni kuyajaza mapengo hayo mawili.

Nawashauri walimu wa historia na wa Kiswahili, katika Garissa, Wajir na Mandera, washirikiane katika zoezi moja. Kila mwanafunzi na aende kwa mzee mmoja wa kwao, mwanamume au mwanamke, amwulize ni nani aliyechimba kisima cha kijiji, nani alibeba mizigo ya serikali, nani alisimama lindo katika boma lililohamwa, na nani aliwaletea maji. Aandike jina kamili, mahali, mwaka ikiwezekana, na kazi. Daftari hilo litunzwe shuleni, wala lisichukuliwe kuwa insha ya kusahihishwa na kutupwa.

Simwonei Spicer-Simson. Alikuwa na ujinga wake na kipaji chake, kama binadamu yeyote, na alifikisha mashua ziwani pale wengi walipodhani haiwezekani. Lakini hakuzifikisha peke yake, na jina Mimi lililoandikwa ubavuni mwa mashua ile lilikuwa na kasoro moja ya sarufi. Lilistahili kuwa katika wingi.